Namna ya kuchagua kisu cha jikoni, kuanzia dukani hadi kwenye kinoo

Fungua droo ya vyombo katika nyumba nyingi za mjini, utakuta visu vitano au sita, na pengine seti nzima iliyokuja kama zawadi ya kicheni pati, bado imo kwenye boksi lake. Halafu mtazame mwenye jiko akianza kukata vitunguu. Atapapasa humo ndani mpaka akifikie kile kimoja chenye mpini uliolegea, maana ndicho pekee kinachokata. Vingine vyote vinaponda nyanya.

Waliosema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama hawakutaja chapa wala bei. Kila kisu hutoka dukani na makali ya kiwandani, na makali hayo yatakwisha tu, kiwe kisu cha barabarani au cha duka lenye kiyoyozi. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: makali haya yakiisha, nitaweza kuyarudisha mwenyewe nyumbani? Urefu, chuma, mpini na jina la kampuni vinafuata baada ya hapo.

Hatua ya 1: Angalia unakata nini

Kabla ya kutoka nyumbani, ifikirie wiki moja ya jikoni kwako. Mchicha au sukuma wiki karibu kila siku, vitunguu na nyanya kila siku. Kabichi, karoti, hoho, viazi, ndizi mbichi. Samaki mara kadhaa. Nyama, ambayo mara nyingi hutoka buchani imeshakatwa vipande pamoja na mifupa yake. Tikiti na nanasi msimu ukifika. Mkate wa dukani huja umeshakatwa slesi, basi kile kisu kirefu cha meno kilichomo kwenye seti kina kazi gani?

Kazi zote hizo zinamalizwa na visu viwili: kimoja kikubwa cha kukatia juu ya ubao, na kimoja kidogo cha kumenyea. Nyumba inayopika samaki mara kwa mara iongeze cha tatu, kirefu na chembamba kinachopinda kidogo, cha kutenganishia mnofu na mfupa. Fedha ya kununulia seti ya visu sita ukiitumia kwa viwili tu, utapata vyenye chuma kizuri zaidi na chenji ya kinoo itabaki.

Swali lingine la kujiuliza hapa, na wengi hulisahau, ni kama unakatia kwenye ubao au mkononi. Wengi wetu tumelelewa tukikatia mkononi: kitunguu kiganjani, kisu kinakuja kuelekea gumba, vipande vinadondoka moja kwa moja kwenye sufuria. Si ushamba hata kidogo. Mama mboga wa Nairobi hukunja fungu la sukuma wiki, akalibana mkononi na kulikata nyembamba kama nyuzi huku anazungumza na mteja, na ukikitazama kisu chake utakuta ni chembamba, chepesi, kimenolewa mpaka ubapa umeliwa. Kama wewe ndiye mkataji wa namna hiyo na huna mpango wa kubadilika, kisu cha sentimita 20 kitakutisha bure na mwisho kitalala droo. Nunua kidogo kizuri cha sentimita 8 hadi 12, uishie hapo.

Hatua ya 2: Pima kwa rula

Urefu wa kisu hupimwa kwenye ubapa, kuanzia mpini unapoishia mpaka kwenye ncha. Kwa kisu kikubwa, sentimita 18 hadi 20 zinamtosha mtu mzima wa kawaida. Chini ya hapo kabichi itakusumbua, kwa sababu utalazimika kuikata kwa kuizungusha. Zaidi ya hapo utahitaji ubao mkubwa na meza pana, navyo katika jikoni nyingi za nyumba za kupanga havipo. Ubao ukiwa mfupi kuliko kisu, ncha inaning'inia nje na makali yanagonga ukingo.

Pima pia upana wa ubapa karibu na mpini. Sentimita 4 na nusu ni kipimo kizuri. Sababu yake utaiona ukikishika kisu na kukigusisha kwenye kaunta kana kwamba unakata: vifundo vya vidole visigonge chini. Visu vingi vinavyouzwa kama vya kazi zote, vyenye ubapa mwembamba wa sentimita 2 au 3, vinafeli hapo hapo. Utakata vitunguu huku unagonga vidole kwenye ubao, na siku ya shughuli yenye kilo tano za vitunguu utajuta.

Umbo ni suala la mkono wako. Kisu chenye makali yaliyopinda kuelekea ncha, kama vya Ujerumani, kinamfaa anayekata kwa kukibembeza bila kuinua ncha. Chenye makali yaliyonyooka, kama santoku ya Kijapani ya sentimita 16 hadi 18, kinamfaa anayekata kwa kushusha kisu wima. Mboga za majani zinakatika vizuri zaidi kwa hiki cha pili, kwani makali yote hugusa ubao kwa pamoja na hakibakizi majani yaliyoshikana. Ukiwa na shaka, chukua kilichopinda kidogo tu.

Hatua ya 3: Kijue chuma kabla ya kuijua bei

Chuma cha kisu kina kaboni ndani yake. Kaboni ndiyo inayokifanya kikazike kinapochomwa na kupozwa ghafla, na kikishakazika ndipo kinaposhika makali. Kikiongezwa kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 hivi, kinakuwa chuma kisichoshika kutu kirahisi, yaani stenlesi. Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipata mchanganyiko wake mwaka 1913, na visu vya mezani vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kutengenezwa nao. Kabla ya hapo kila kisu duniani kilishika kutu, na watu walipika.

Soma kilichoandikwa ubapani. Ukikuta neno stenlesi kwa Kiingereza peke yake, bila namba wala jina la nchi, bado hujaambiwa kitu. Ukikuta 420 au 3Cr13, hicho ni chuma laini chenye kaboni kidogo. Kinanoleka upesi na makali yanaondoka upesi, lakini kwa bei yake si kibaya kama unacho kinoo. Ukikuta X50CrMoV15, hapo umefika. Maana yake ni kaboni asilimia 0.5 na kromiamu asilimia 15, pamoja na molibdenamu na vanadi kidogo. Ndicho chuma kinachotumika katika visu vingi vya Ujerumani na Uswisi vya bei ya kati, na wapishi wa hoteli wamekitumia miaka mingi bila malalamiko.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambacho huandikwa HRC. Visu laini vya bei nafuu viko chini kidogo ya 54, vya Ulaya vingi kati ya 54 na 58, na vya Kijapani vya hali ya juu hufika 60 na kupita. Namba kubwa huvutia, lakini chuma kigumu sana ni kama kigae: kinakaa na makali muda mrefu, ila kikikutana na mfupa wa kuku au mtoto akafungulia kopo, ukingo unameguka. Kipande kikishameguka, kukiondoa kwa kinoo cha kawaida ni kazi ya jioni nzima. Kwa jiko ambalo kisu kinashikwa na kila mtu, dada, shangazi aliyekuja kutembea, kijana wa shule anayemenya chungwa, kaa kati ya 54 na 58. Kikipata pigo kitapinda badala ya kumeguka, na kilichopinda kinanyooka.

Kuhusu majina, Victorinox ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1884 na Tramontina ya Brazil iliyoanzishwa mwaka 1911 zina visu vya kazi vyenye mpini wa plastiki ambavyo havina urembo wowote na vinadumu. Zwilling ya Solingen, Ujerumani, ni ya tangu 1731, na jina Solingen lenyewe linalindwa kwa sheria nchini humo tangu 1938, kwa hiyo kisu kilichochapwa jina hilo kihalali lazima kiwe kimetengenezwa katika eneo hilo. Kihalali, nasema, maana jina lolote linaweza kuchapwa kwenye bati lolote. Vivyo hivyo kwa vile visu vyenye mistari ya mawimbi ubapani. Mawimbi halisi hutokana na tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja, lakini mengi yanayouzwa kwa bei ya chini yamechorwa kwa leza juu juu na hayasaidii kukata chochote. Na visu vya rangi rangi, vyekundu, kijani na manjano, vimepakwa tabaka la kuzuia chakula kunata. Rangi itachubuka, na kabla haijachubuka inakuficha chuma unachokinunua. Mimi huvipita.

Hatua ya 4: Tazama unene, hapo ndipo wauzaji hawasemi

Watu hudhani kisu kizito ndicho imara na ndicho kizuri. Kwa jikoni ya nyumbani mara nyingi ni kinyume chake. Chukua karoti nene au kiazi kikuu, ukikate kwa kisu kinene hata kama kina makali. Makali yataingia, halafu ubapa utakwama na karoti itapasuka kwa kishindo kabla kisu hakijafika chini. Umepasua, hujakata. Kisu chembamba hupita mpaka kwenye ubao kimya kimya.

Kishike kisu kwa mpini, ncha ikielekea mbele, ukitazame kutoka upande wa mgongo. Mgongoni karibu na mpini, milimita 2 hadi 2 na nusu zinatosha, na unene uendelee kupungua kuelekea ncha. Kisha kigeuze uangalie kutoka upande wa makali: ubapa upungue taratibu kutoka mgongoni mpaka kwenye ukingo. Visu duni vina unene uleule kutoka juu mpaka chini, halafu wamevinoa ghafla kwa kamstari kadogo pembeni. Ukiona kamstari hako kanang'aa na juu yake ubapa ni mnene, jua kwamba siku kamstari kakiisha, utakuwa unanoa ukuta.

Hatua ya 5: Mpini na mkia wa chuma

Ndani ya mpini kuna mkia wa chuma unaotokana na ubapa. Katika visu vingine mkia unafika mwisho wa mpini, umebanwa na ribiti tatu. Katika vingine ni mfupi, umezamishwa kwenye plastiki au mti. Wauzaji wanasifu sana huo mrefu, na kweli ni imara, lakini usiukatae mpini wa plastiki uliomiminwa juu ya mkia kama umeshikana vizuri. Kwenye bucha visu vya namna hiyo ni vya kawaida, na hakuna jiko la nyumbani linalokitesa kisu kuliko bucha.

Cha kuangalia ni upenyo. Pitisha kucha pale ubapa unapokutana na mpini, na kuzunguka kila ribiti. Kucha ikikwama, maji na mafuta ya nyama yatakwama hapo pia. Patanuka, mti utaoza, na mpini utaanza kucheza. Mpini wa mti mzuri uwe mkavu, usio na ufa, na ribiti zilale sawa na mti.

Halafu kishike kama utakavyokitumia. Namna inayokupa udhibiti zaidi ni kubana ubapa kwa gumba na upande wa kidole cha shahada, pale ubapa unapoanzia, vidole vitatu vilivyobaki vikizunguka mpini. Kisu kikielemea mbele au nyuma sana, utakihisi hapo hapo. Mwenye mkono mdogo asikubali kuambiwa atazoea.

Hatua ya 6: Majaribio ya dukani

Kwenye duka la vyombo, Kariakoo au kwingineko, muuzaji hatakuruhusu ukate nyanya. Bado yapo mambo ya kufanya, na fanya kwa utulivu hata kama anakuharakisha.

Nyoosha kisu mbele ya jicho moja kama fundi anayekagua ubao, makali yakiwa juu. Ukingo uwe mstari mmoja ulionyooka. Kikiwa kimejikunja kama ukanda, kirudishe, hakuna kinoo kitakachokitibu. Kisha elekeza makali kwenye mwanga wa taa au dirisha. Makali kamili hayarudishi mwanga. Ukiona nukta au kistari cheupe kinachong'aa kwenye ukingo, hapo ni butu au pamepigwa.

Beba kipande cha sumaku, hata kile cha mlango wa kabati. Chuma cha stenlesi kinachoweza kukazwa hushikwa na sumaku. Ubapa usioshikwa kabisa, isipokuwa wa seramiki, ni wa chuma cha vijiko na sufuria, hautashika makali kamwe. Jaribio hili halikuambii kwamba kisu ni kizuri. Linakuondolea kibaya kabisa tu.

Kaa mbali na visu vya meno madogo vinavyotangazwa kuwa havihitaji kunolewa. Maneno hayo ni ya kweli kwa maana ya kwamba haviwezi kunolewa. Siku za mwanzo vinakata kama msumeno, baadaye vinararua, kisha vinatupwa. Visu vya seramiki navyo ni vikali sana na havishiki kutu, lakini vikianguka kwenye sakafu ya vigae vinavunjika, na kinoo cha kawaida hakiviwezi.

Hatua ya 7: Usimsahau mhunzi

Kuna njia nyingine ambayo watu wa mjini wanaipita kila siku. Wahunzi wetu bado wanafua visu: Kamukunji jijini Nairobi, Mamba karibu na Marangu mkoani Kilimanjaro, na pembezoni mwa masoko mengi. Malighafi wanayoipenda ni springi za magari, na wana sababu. Springi ya lori imetengenezwa kwa chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6, yaani zaidi ya kilichomo katika visu vingi vya dukani. Ufuaji huo si jambo la jana: huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, watu walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni kwenye tanuri za udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita.

Ukienda kwa mhunzi, uliza mambo mawili. Kwanza, chuma kimetoka wapi? Springi ni sawa, nondo ya ujenzi au bati nene si sawa. Pili, baada ya kukifua, alikichoma tena na kukizamisha kwenye mafuta au maji? Asipofanya hivyo kisu kitakuwa laini hata kama chuma ni kizuri. Unaweza kuthibitisha kwa tupa: ipitishe kidogo kwenye ukingo karibu na mpini. Ikiuma kwa urahisi kama inavyouma msumari, kisu hakijakazwa. Mwombe pia akupunguzie unene, kwa kuwa wahunzi wengi wamezoea panga na majembe, na kisu chao cha kwanza kwako kitakuja kizito kama cha shamba.

Kisu hiki kitashika kutu. Kitunguu cha kwanza kitapata weusi kidogo na harufu ya chuma, na ndimu itaacha doa. Baada ya wiki chache ubapa utageuka kijivu chenye ubuluu, na hiyo ni kinga, usiisugue kwa steelwire. Kioshe, kikaushe papo hapo, kipake tone la mafuta ya kula. Asiyeweza kuyafanya haya kila siku anunue stenlesi bila kuona haya. Kwa wakazi wa Zanzibar, Mombasa na Tanga, ambako hewa yenyewe ina chumvi, uangalifu ni mara mbili, na hata stenlesi huota vidoa ikilala kwenye maji ya sinki.

Hatua ya 8: Nunua kinoo siku hiyo hiyo

Ukibaki na fedha ya kisu tu bila kinoo, shuka daraja moja kwenye kisu. Hata pale Soko la Feri, Dar es Salaam, mpara samaki hafanyi kazi kwa kisu cha fahari. Kisu chake ni cha kawaida, ila hakai mbali na kitu cha kunolea.

Kinoo cha kuanzia ni kile cha kijivu chenye pande mbili kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, upande mmoja unakwaruza na mwingine laini. Kama unapata vya Kijapani vyenye namba, 1000 ndiyo ya matumizi ya kawaida, na 400 kwa kisu kilichokufa kabisa. Namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi.

Loweka kinoo kwenye maji mpaka viputo viishe, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Laza kisu juu yake, halafu inua mgongo. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4 na nusu, mgongo ukiwa juu ya kinoo kwa sentimita 1 na nusu hivi, uko kwenye nyuzi 20. Hiyo inatosha. Kinachotakiwa ni kubaki hapo hapo tangu mwanzo hadi mwisho, usiinue wala kushusha mkono katikati.

Sukuma na kuvuta, vidole viwili vya mkono wa pili vikikandamiza ubapa taratibu pale unaponoa, ukihama kutoka karibu na mpini hadi kwenye ncha. Anza na upande unaokwaruza. Noa upande mmoja tu wa kisu mpaka uhisi kinyuzi cha chuma kimejitokeza upande wa pili. Kukihisi, pitisha gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya ukingo, kamwe si kufuata urefu wa makali. Utasikia mkwaruzo mdogo, kama kucha iliyokatwa vibaya. Kinyuzi hicho ndicho alama yako: kimeonyesha kwamba umefika ukingoni. Watu wengi wanaosema hawajui kunoa huacha kabla hakijatokea. Kikitokea kwa urefu wote, geuza kisu ufanye upande wa pili, kisha rudia zote mbili kwenye upande laini wa kinoo kwa mkono mwepesi, na mwepesi zaidi kila unapogeuza. Maliza kwa kufuta kisu mara kadhaa kwenye mkanda wa ngozi au gazeti lililolazwa mezani, mgongo ukitangulia, ili kinyuzi king'oke.

Jaribu kwenye nyanya iliyoiva. Weka makali juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Yakizama, umemaliza. Yakiteleza, rudi kwenye upande laini.

Kati ya kunoa na kunoa, ile fimbo ya chuma wanayotumia wauza nyama inasaidia kunyoosha makali yaliyolala. Pasa kisu mara tatu au nne kila upande kabla ya kupika. Usiitumie kwa visu vigumu vya Kijapani. Vile vifaa vya kuvuta kisu kati ya magurudumu mawili vinafanya kazi, lakini vinakula chuma kingi na kuacha ukingo wenye kwaruzo. Nimeviachia visu ambavyo sivijali.

Na yule fundi anayepita mtaani na baiskeli iliyofungwa jiwe la duara? Mpe kisu, ila simama naye. Jiwe linalozunguka kwa kasi linatoa joto, na cheche zikirefuka sana mwambie azamishe kisu kwenye maji kila baada ya kupitisha. Ukingo ukigeuka rangi ya buluu, joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na pale chuma kimelegea. Utaona kinakata vizuri leo na kesho butu. Bora umwombe akutolee unene na mapengo tu, makali ya mwisho umalizie mwenyewe kwenye kinoo.

Hatua ya 9: Usikiue

Katia kwenye ubao wa mti au plastiki. Kioo, marumaru, sahani na sinki la chuma vinageuza makali kwa siku moja. Uwe na ubao wa kuku na samaki wabichi, na mwingine wa kachumbari.

Mifupa ni kazi ya panga au shoka la bucha. Nazi ivunje kwa mgongo wa panga, kisha ing'oe nyama yake kwa kifaa kingine, maana kupekecha ndani ya kifuu ndiko kunakovunja ncha za visu vingi vya Pwani. Nyama iliyoganda iache ilegee kwanza. Kabla ya kumenya ndizi mbichi au kufungua fenesi, pakaa mafuta ya kula kwenye ubapa na mikononi. Utomvu ukishika, unatoka kwa mafuta, kisha sabuni. Ukiusugua kwa maji matupu unausambaza tu.

Osha kwa mkono, kausha, usikiache ndani ya beseni la povu ambamo mwingine ataingiza mkono asikione. Droo ambayo visu vinagongana na vijiko ni adui wa makali na wa vidole. Kata kipande cha boksi gumu, kikunje kuuzunguka ubapa, ukifunge kwa selotepu, nawe una ala isiyogharimu kitu. Ukimpa mtu kisu, kiweke mezani akichukue mwenyewe. Na kama kuna ndugu anakuja kutoka Muscat au London na ameuliza akuletee nini, mtajie kisu bila kuona aibu, mradi umkumbushe akiweke kwenye begi linaloingia kwenye shehena ya ndege. Kikikutwa kwenye begi la mkononi, kitabaki uwanja wa ndege.